Mbweu za Bibiye

Jumatatu, tarehe 6

Siwezi kutulia! Nimesoma kwenye simu kwamba ng'ombe akicheua hupiga mbweu, na kila mbweu ina methani, gesi inayopanda angani kwenda kuipasha dunia joto. Nikainua macho. Bibiye, ng'ombe wetu, alikuwa amejilaza kwenye majani makavu, anatafuna, macho nusu yamefumba, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akapiga mbweu. Nikaiona! Yaani, karibu niione. Ilipita juu ya bati, ikaelea taratibu, ikapotelea mawinguni. Nikabaki nimekumbatia ndoo mpaka shangazi akauliza kama nimeioa.

Dawa ipo. Kuna mimea ina kemikali zake. Ukichanganya kwenye lishe, gesi inapungua. Kitunguu saumu kimo. Saumu! Si ipo jikoni!

Na wakati ndio huu. Shangazi kasema Jumamosi ataamua nani ashike banda, mimi au binamu. Binamu ana cheti cha mifugo. Mimi nina simu. Nikikosa, naenda kwa mjomba kupanga vigae dukani. Vigae havipumui. Nitaishije bila pumzi ya Bibiye asubuhi, ule moshi mweupe unaotoka puani kukiwa na baridi?

Jumanne, tarehe 7

Nimetwanga saumu yote ya jikoni, nikaichanganya na pumba. Bibiye kanusa, kanitazama, kala. Shujaa!

Shangazi kauliza saumu imekwenda wapi. Nikasema panya. Akasema panya wa kula saumu kiasi hicho lazima ana presha, tumtafutie daktari. Binamu kacheka mpaka kakaa chini. Acheke tu. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Jumatano, tarehe 8

Sayansi bila kipimo ni umbea. Nimemfunga Bibiye mfuko wa nailoni chini ya mkia, nikakaa kwenye kigoda kusubiri gesi. Upepo ulikuwa mtamu, nzi wanaimba. Nikasinzia. Nikaota mifuko myeupe inapaa, mingi kama nyota, nimeshika kamba zake zote, na dunia chini yangu imepoa kama maji ya mtungini.

Nikaamka. Mfuko umejaa. Si gesi.

Binamu alikuwa mlangoni. Akasema kwa upole (huo upole wake!) kwamba gesi karibu yote inatokea mdomoni, sasa mimi huku nyuma nangoja nini, barua? Halafu eti akanishauri: saumu kidogo tu, na nimpe baada ya kukamua, maana akila kabla, harufu inaingia kwenye maziwa.

Wivu mtupu! Kesho nampa maradufu, alfajiri, kabla ya kukamua.

Ijumaa, tarehe 10

Balaa. Mwenye mgahawa, mteja wetu mkubwa, karudisha maziwa. Kaja mwenyewe, kopo mkononi, uso umekunjamana. Anasema wateja wamekunywa chai wakauliza nyama iko wapi. Yakija tena ya namna hii, anahamia kwa jirani.

Shangazi hakunigombeza. Alinusa, akafunika kopo, akaingia ndani. Bora angenitukana.

Nikaenda kukaa na Bibiye. Akaniwekea pua begani. Pumzi ya moto, saumu tupu. Nikamwambia wabunifu wote huanza hivi. Akapiga mbweu. Naapa ilikuwa ndogo kuliko za jana! Binamu kasema masikio yangu yanasikia yanachotaka.

Jumamosi, tarehe 11

Banda ni la binamu.

Shangazi alisema hivyo huku anakunja nguo zilizoanuliwa, bila kuinua macho. Nikamwangalia binamu nione anavyofurahi. Kumbe ananitetea! Kasema wazo si baya, yeye atalijaribu polepole, kwa kipimo, baada ya kukamua. Shangazi akasema sawa mwanangu, wazo libaki, mwenye wazo aende kwa mjomba wake.

Nikamkumbatia Bibiye shingoni. Hakuacha kutafuna. Alikuwa mbali, huko anakokwendaga. Nilitamani anichukue.

Jumatatu, tarehe 13

Nipo kwa mjomba. Vigae kutwa nzima. Nimepanga huku nawaza, mpaka nikaliona kosa langu waziwazi, nikaona hata haya.

Kosa lilikuwa maziwa!

Mjomba anafuga mbuzi uani. Madume matupu. Nani atawakamua? Mchana nilikaa nao kivulini, wanacheua, ndevu zinacheza, mbweu zao ndogondogo zinapanda juu kama povu la sabuni. Na mke wa mjomba ana mkebe mzima wa karafuu juu ya kabati! Karafuu nayo imo, nimesoma.

Mjomba kasema hao mbuzi ni wa kuchinjwa wageni wakija. Vizuri zaidi. Watakuwa wameshaungwa kutoka ndani.

Mke wa mjomba kauliza mbona natazama kabati lake huku nacheka peke yangu. Nikamwambia nimeyapenda mapazia.