Sufuria ya Watu Wawili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Sufuria yetu imetutoka. Imetoboka chini. Mchuzi wote ukamwagikia jikoni, moto ukazimika, na dada yangu akatamka neno ambalo heshima ya kitabu hiki hainiruhusu kuliandika.

Nilipendekeza, kwa utulivu unaostahili, kwamba tununue sufuria ya chuma kizito: ile yenye mfuniko mzito na mikono miwili, inayoanzia juu ya jiko na kumalizia ndani ya oveni. Dada akakubali papo hapo. Ajabu! Tangu azaliwe hajapata kukubali pendekezo langu papo hapo.

Kisha akasema anataka ya lita tano.

Lita tano! Kaya hii ina watu wawili: mimi, karani wa ghala la vitabu vya shule na mwandishi wa maombi kwa idara mbalimbali, na yeye, mdogo wangu, muuza dawa katika duka la mtaa wa pili. Nilimwuliza lita tano ni za nini. Akajibu kwamba nyama hupungua ikiiva. Nikamkumbusha kwamba watu hawaongezeki nyama ikiiva. Akanitazama, akaenda kusugua jiko.

Kuna jambo hapa. Nitalichunguza.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Dukani. Sufuria tatu zimepangwa kwenye rafu, ndogo, ya kati na kubwa, nyekundu zote, zinang'aa kama viatu vya mgombea. Muuzaji ni binti anayetafuna ubani. Akaniuliza tuko wangapi nyumbani. Nilimweleza kwamba swali lake halijakamilika: je, anahesabu wanaokaa au wanaokula? Akasema wanaokula. Nikasema wanaokula ndio haohao wanaokaa. Akasema, "Haya, mzee, basi ushajijibu."

Niliinua ya lita tano ili kuujua uzito wake. Sasa naujua. Kiuno nacho kinaujua.

Nikaomba maji ya kuijazia, nihakikishe kwamba lita tano ni lita tano kweli. Nikakataliwa. Niliomba kwa sentensi iliyopangwa vizuri sana, lakini binti akapuliza ubani.

Nikiwa narudi, yule fundi saa wa kibandani pale kona akanisimamisha ngazini. Mara ya tatu sasa. Anakohoa, anapangusa mikono, anasema, "Bwana Karani, nilikuwa na kaneno kadogo." Nilimweleza, kama nilivyomweleza mara mbili zilizotangulia, kwamba kaneno hakana miguu, jambo lolote la maana huwa na utangulizi, kiini, na ombi lenyewe, na kwamba ayapange kwanza. Akashuka ngazi taratibu. Mtu mpole, ila hana mpangilio.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Uchunguzi umeanza rasmi. Tumeazima sufuria ya Bi Mkasi, fundi cherehani wa chumba cha chini. Jana usiku dada alipika nyama na viazi mpaka ukingoni. Tukala. Nilihakikisha mwenyewe kwamba kilichobaki kingemtosha mtu mzima mwenye njaa.

Leo asubuhi sufuria tupu! Imeoshwa, imefunikwa kifudifudi. Nilimwuliza dada chakula kimekwenda wapi. Akasema kimeliwa. Na nani, hakusema. Nilimshuku paka wa jirani, lakini nikamwondolea tuhuma kwa sababu paka haoshi vyombo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimegundua! Hotpoti. Dada anaondoka nayo ndani ya mfuko wa dawa.

Saa ya chakula cha mchana niliomba ruhusa ghalani, nikamfuata. Nilijibanza nyuma ya magodoro yaliyopangwa mbele ya duka la kona. Dada akaenda moja kwa moja kibandani kwa fundi saa, akasogeza saa pembeni, akafungua hotpoti. Yule bwana alikula na miwani yake ya kazi ikiwa bado imebanwa jichoni! Mchuzi ukamrukia kwenye kioo. Dada akacheka mpaka akashika ubao, kisha akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.

Niliguswa sana. Dada yangu ana huruma kupita kiasi. Fundi ni mgane, amekonda, hana wa kumpikia, naye dada hawezi kumwona mtu hivyo akanyamaza. Lakini huruma isiyo na mipaka huila kaya iliyo na mipaka. Na nyama ile ilikuwa ya kwangu pia.

Muuza magodoro aliniuliza kama nanunua au najificha. Nikamjibu kwamba naangalia ubora. Akasema, "Ubora huangaliwa kwa kulala, kaka, si kwa kuchungulia."

Mpango ni huu: sufuria ndogo kuliko zote. Kisichobaki hakitolewi sadaka. Safi kabisa!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimeinunua. Lita mbili. Nzuri, nyekundu, inakaa jikoni kama kofia.

Nikaikabidhi kwa hotuba fupi kuhusu chombo kulingana na idadi ya watumiaji. Dada aliigeuza, akaangalia chini yake, akaangalia ndani, akaniangalia mimi. Akauliza, "Kaka, hii umeipima kwa nani?" Nikasema kwa sisi wawili, kama tulivyo na kama tutakavyokuwa. Akasema sawa.

Nimewahi kupokea majibu ya idara ya maji yenye joto kuliko ile "sawa".

Jumapili, tarehe 10 Machi

Pigo! Chakula cha mchana: sahani yangu ina viazi viwili na mchuzi wa kupaka kucha. Hotpoti imejaa mpaka mfuniko haufungi. Dada alieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba sufuria ni ndogo, kama nilivyotaka mwenyewe, hivyo ameanza na mwenye njaa zaidi.

Nilishuka kumrudishia Bi Mkasi sufuria yake, nikitumaini pia kwamba amepika. Hakuwa amepika. Alikuwa na pini mdomoni, anashona pindo la gauni la rangi ya maziwa. Nilisema, kwa ajili ya kuanzisha mazungumzo, kwamba gauni linaelekea kuwa la kimo cha dada yangu.

Akatoa pini moja baada ya nyingine. Akaniambia nikae. Kisha akanishushua, nami nanukuu kwa sababu sikupata nafasi ya kusahihisha: "Baba, wewe unapima sufuria, wenzio walishapima nguo! Mwanamume mzima kapanda ngazi mara tatu kuja kukuomba dada yako, wewe unamfundisha kupanga maneno. Kiini! Kiini cha yai au?"

Nilisema sikujua. Akasema mtaa mzima unajua, hata muuza magodoro. Akaniambia dada kaapa haolewi bila kauli yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea baada ya wazazi. Na fundi naye kasema hapandi tena ngazi zile, kwani kila akishuka anajiona bubu. Na sufuria ile ndogo dada ameichukulia kuwa ndilo jibu langu. "Kanambia nilifumue gauni. Nimemwambia nasubiri mpaka kesho jioni. Basi subirini na nyie huko juu."

Nikapanda. Dada alikuwa amejifungia chumbani. Sufuria ndogo ilikuwa jikoni, imeoshwa. Binti wa dukani alisema ya ukubwa ule ni ya mtu mmoja au wawili. Nikimkataza dada, nitakula na mtu asiyesema nami. Nikimruhusu, nitakula na mfuniko.

Sijawahi kuona chombo kikubwa namna ile.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Sikwenda ghalani kwanza. Nilikwenda kibandani. Fundi saa akaniona, akaangusha kibano. Nilimfahamisha kwamba, kwa kuzingatia udharura wa suala, ombi lake lingesikilizwa kwa mdomo.

Akavua ile miwani. Akaivaa tena. Akasema, "Bwana Karani, namtaka dada yako. Basi."

Hakuna utangulizi. Hakuna kiini. Nilitafuta pa kusahihisha, nikapakosa. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya uandishi nikajibu kwa neno moja: Imekubaliwa. Muuza magodoro akapiga vigelegele kutoka ng'ambo, jambo ambalo si kawaida kwa mwanamume wa umri wake.

Jioni nilimweleza dada. Akakaa chini, akafunika uso kwa mtandio uleule. Nilipoona ametulia nikamwuliza, kama mtu anayeuliza tu, watahamia wapi, na kama angependa kuondoka na sufuria ndogo ama aniachie, maana mimi peke yangu itanitosha kabisa, na pengine itanizidi.

Akafunua uso. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, jambo lisilo na mpangilio. Akasema, "Nihamie wapi, kaka? Kwake kumejaa saa, hata pa kuweka jiko hakuna. Yeye ndiye anakuja hapa. Lita tano ni watu watatu. Kwani wewe ulidhani sikukuhesabu?"

Nikaenda kukata vitunguu. Hatukuwa na haja ya vitunguu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Tumebadilisha sufuria. Fundi saa alishika mkono mmoja wa ile ya lita tano, mimi mwingine, tukatoka nayo dukani kama watu wanaomsaidia mlevi. Binti akapasua ubani, akauliza kama sasa tumeongezeka. Nilimjibu kwamba idadi ya kaya imerekebishwa kwa makubaliano ya pande zote. Akasema, "Hongereni, mzee. Ila risiti ungekuja nayo."

Bi Mkasi amemaliza pindo.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Ndoa ilifungwa jana. Nilitoa hotuba. Ilikatizwa kwa makofi mara mbili, ya pili ikiwa kabla sijamaliza utangulizi, na baada ya hapo watu wakaenda kula.

Leo tumekula watatu kwa mara ya kwanza. Nyama ilikaa ndani ya oveni tangu asubuhi, mfuniko ukafunuliwa, nyumba nzima ikanukia. Lita tano ndiyo saizi inayofaa kwa kaya ndogo. Nilikuwa na mawazo hayo tangu mwanzo, na nimemweleza dada hivyo. Akasema "Ee, kaka" na kuendelea kupakua.

Shemeji ni mtu mwema. Ameitengeneza saa ya ukutani bila kuombwa. Lakini nimeona jambo. Anajipakulia upawa mmoja, anasifu chakula, kisha anachota wa pili wakati watu bado wanaitikia sifa. Wa tatu aliuchota huku akiniuliza habari za ghala, nami, kwa kuwa swali lilikuwa zuri, nikalijibu kwa kirefu. Nilipomaliza, naona chini ya sufuria!

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa halikuwa kwenye sufuria hata kidogo. Kosa liko kwenye upawa. Duka lile la sufuria lina mmoja mdogo sana, mpini mrefu, kichwa kama kijiko cha chai. Nitaununua kesho, nitaubadilisha kimyakimya, na hakuna haja ya kumwuliza mtu yeyote.