Habari za Haidari wa Ruaruke na Hukumu ya Kitabu cha Nasra

Sogeeni karibu, enyi mliokalia mikeka na mliokosa mikeka. Zimeni redio, tueni mapakacha na majembe, mpate kusikia habari kubwa ambayo haikuandikwa katika gazeti lolote, kwa kuwa magazeti yana kazi ya kuandika safari za wakubwa. Twamwomba Mola, aliyeumba ulimi kabla wanadamu hawajabuni vyeo, atujalie pumzi ya kusimulia vita vilivyopiganwa Ruaruke mchana kweupe, pasi na mkuki wala bunduki, juu ya jambo hili moja: ni nani aliyemuua mchumba wa Nasra.

Na Nasra huyo, mpate kujua, hakuwa mtu wa Ruaruke wala wa mahali popote penye udongo. Alikuwa mtu wa kitabuni.

Zama zile zilikuwa zama za ruksa. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, na kwa kishindo cha kufunguka kwake milango ya zahanati ikajifunga. Pale stendi ya Kibiti ukapata kila kilichotengenezwa na binadamu: mashati ya marehemu wa Ulaya, betri, manukato, vioo vya mfukoni, soda za kila rangi, dawa ya homa tu ndiyo uliambiwa uje wiki ijayo. Basi siku moja Haidari bin Mshamu, mkulima wa mpunga, simba wa bondeni, mwenye ulimi mchungu kama shubiri, mtu aliyewahi kuwalaumu wakubwa kwa mafuriko, akawalaumu kwa ukame, na mwaka mmoja akawalaumu kwa vyote viwili, alipanda lori kwenda Kibiti kuuza mchele, na mkewe Mwanawetu akamwagiza kanga.

Kanga hakuileta. Pale stendi alimkuta kijana ametandaza vitu chini kwenye turubai, na kati ya masega na nyembe akaona kitabu kisicho na jalada. Akauliza cha nini. Akaambiwa cha mapenzi na mauaji, mji mdogo, watu wachache, na muuaji hajulikani mpaka mwisho. Haidari akacheka kwa dharau, akasema katika mji mdogo muuaji anajulikana, ni yule mwenye mhuri. Lakini alikumbuka kuwa Mwanawetu alimaliza darasa la saba, na tangu amwoe hakuwahi kumwona akisoma kitu kirefu kuliko maandishi ya mfuko wa mbolea. Akakinunua. Mwanawetu akanuna kutwa nzima, na kesho yake akaanza kusoma.

Ulikuwa msimu wa kulinda mpunga, ambapo watu wa Rufiji huhama majumba yao wakaenda kuishi bondeni juu ya madungu, vile vibanda vya miti vilivyosimama kwa miguu mirefu juu ya mashamba, wapate kupambana na ndege na nguruwe mwitu. Mwanawetu akaketi juu ya dungu lake kama malkia juu ya roshani, kombeo mkono huu, kitabu mkono huu, akasoma kwa sauti kuu. Maana ndege hufukuzwa kwa kelele, naye akaona heri wafukuzwe kwa habari za Nasra kuliko kwa makelele matupu. Hata yale ambayo Jafari, mpenzi wa siri, alimnong'oneza Nasra sikioni, Mwanawetu aliyapigia ukelele, kwa kuwa ndege hawakimbii mnong'ono. Sauti ile ikavuka mpunga, ikafika dungu la Bi Sijaona, ikafika dungu la Mwalimu Mfaume wa kisomo cha watu wazima, ikafika hata kwa watu ambao Haidari hakuwa akisalimiana nao.

Na habari yenyewe ilikuwa hivi. Katika mji wenye barabara moja na ghala moja la korosho, Nasra, binti mzuri, alikuwa ameposwa na muuza duka. Muuza duka akakutwa amekufa nyuma ya ghala. Tangu hapo mtu asiyeonekana akawa anagonga dirisha la Nasra. Wa kushukiwa walikuwa watatu: Jafari mpenzi wake, asiye na kazi maalumu, katibu wa chama cha ushirika, mwenye ufunguo wa ghala, na shangazi yake Bi Kidawa, aliyemletea uji kila asubuhi.

Bonde zima likashikwa. Bi Sijaona akasema kosa ni la Nasra mwenyewe, dirisha la chumba cha msichana halielekezwi barabarani, na kaka zake wako wapi? Mwalimu Mfaume akasema wapenzi wanaongea mno na polisi wanatembea mno, na kitabu hakina funzo kwa mkulima. Mvuvi wa Mbwera aliyekuja kubadilisha samaki kwa mpunga alikaa chini ya dungu akingoja Nasra afungue dirisha, hata samaki wakamharibikia, naye akaondoka akimlaumu Nasra.

Walakini vita vikali zaidi vilikuwa juu ya dungu lenyewe. Haidari aliapa kuwa muuaji ni katibu wa ushirika. Mwanawetu akakataa.

"Baba Kudra, huyu shangazi kila siku analeta uji. Hajaombwa, hajaagizwa. Mtu wa hivyo anakuja kutazama kama umeamka au hukuamka."

"Mwenye ufunguo wa ghala nani?"

"Kwako wewe hata jino likikuuma, katibu."

Wakacheka. Wakabishana tena. Haidari, aliyezoea kubishana na Serikali isiyomjibu, aliona raha ya ajabu kubishana na mtu anayejibu.

Ilipobaki sura moja, homa ikapanda ngazi ya dungu. Haidari akampakia mkewe kwenye baiskeli, akaisukuma katika tope na mchanga hata akafika zahanati, na mganga akamwambia dawa ziko njiani. Dawa zile, kama bado ziko njiani, Mungu azifikishe salama. Mwanawetu hakuziwahi.

Arobaini ikasomwa. Mpunga ukavunwa, watu wakarudi kijijini, na hapo ndipo fitina ilipopamba moto, maana bondeni kila mtu alikuwa na dungu lake, lakini kijijini kuta zimegusana. Wa upande wa Jafari na wa upande wa katibu wakanyimana vinu. Bi Sijaona akamwambia jirani yake kuwa mtu anayemtetea katibu asije kwake kuomba moto. Kitabu chenyewe kilikuwa kwa Haidari, kimefungwa ndani ya kanga ya marehemu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwomba.

Ndipo Abubakary, Mwenyekiti wa kijiji, bwana wa mhuri, mshindi wa chaguzi zisizo na mpinzani, akaitisha mkutano barazani pa ofisi. Na mpate kufahamu desturi ya Ruaruke: jambo lolote, liwe la barabara, la choo au la mbuzi aliyepotea, hupitishwa kwa mikono, na likishapita limepita. Ni Haidari peke yake aliyekuwa hainui mkono. Hakuinua tangu mwaka ule walipohamishwa kutoka bondeni kwa azimio ambalo wote walilipigia mkono na wote walililia. Kila mkutano alikaa nyuma, mikono ameikalia, akitazama juu.

Mwenyekiti akasimama, akajikohoza, akanena. Akasema amepokea malalamiko. Akasema chama na Serikali haviwezi kukaa kimya wakati wananchi wananyimana vinu kwa ajili ya mtu ambaye hajulikani hata kadi yake ni ya chama gani. Akasema yeye amelitafakari suala hili kwa kina, na ameona kuwa katibu wa ushirika ni kiongozi, na kiongozi hawezi kuua, ana vikao. Shangazi ni mzazi. Kwa hiyo anabaki kijana Jafari, mzururaji, asiye na shamba. Anayeafiki anyooshe mkono.

Mikono ikapanda kama mpunga uliopata mvua. Bi Sijaona, aliyekesha msimu mzima akimtukana katibu, naye akanyoosha, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea.

"Limepita," akasema Mwenyekiti.

"Halijapita," ikasema sauti ya nyuma.

Haidari alikuwa amesimama. Vichwa vikageuka kama vya majeshi mawili yaonanapo uwandani. Wote walijua atakalolisema, wakajiweka tayari kufurahi, maana hakuna aliyejua kumtukana katibu kama yeye. Naye alikuwa na maneno hayo tayari kinywani, matamu, ya miaka mingi. Akayameza. Mkewe alikuwa na neno lake katika jambo hili, na hakukuwa na mwingine chini ya mbingu wa kulisema.

"Naleta maoni ya Mama Kudra," akasema. "Yeye alisema ni shangazi."

Mwenyekiti akamwambia kwa upole wa kiofisi, Ndugu Haidari, sote tuna msiba, lakini marehemu hapigi kura.

"Uchaguzi wako uliopita walipiga, Mzee Mwenyekiti. Jina la baba yangu nililisikia mwenyewe likisomwa."

Baraza likatikisika kwa kicheko, na waliokuwa mbele wakageuza nyuso wasionekane. Bi Sijaona, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kumuuma dhamiri, akanyanyuka akasema, shemeji, kitabu si kipo? Kisomwe hapa tumalize.

Haidari akasita kama mfalme anayeombwa ufunguo wa ngome. Sura ile moja ilikuwa bado ya mkewe. Lakini akaona wasipoisoma, Jafari amekwisha kuhukumiwa na neno la Mwanawetu limezikwa mara ya pili. Akaenda nyumbani, akarudi na lile bunda, akaifungua kanga polepole mbele ya kadamnasi, akampa Mwalimu Mfaume.

Mwalimu akasoma. Akasoma kwa sauti ya darasani, bila kombeo, na watu wakanong'ona kwamba haina ladha. Dirisha likagongwa. Nasra akalifungua. Mwezi ukamulika uso wa mgongaji, na mgongaji, muuaji, mwenye damu ya muuza duka, hakuwa Jafari wala hakuwa shangazi.

Alikuwa katibu wa ushirika.

Ole wenu mliokosa kuwapo! Baraza lililipuka. Watu wakamgeukia Haidari, wakampiga mabega, wakamwita nabii wa bondeni. Mwenyekiti alifuta jasho kwa lile jalada la faili lililokuwa mkononi. Kwa mara ya kwanza katika uhai wa Haidari, kiongozi alikuwa amekutwa na hatia hadharani, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Jambo alilolingoja tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Akalipokea, akalionja, akakuta halina utamu wowote. Maana hakukuwa na mtu wa kumwambia, sasa umeniweza, Baba Kudra.

Akainua uso.

"Mwandishi amekosea," akasema.

Watu wakadhani hawakusikia.

"Amekosea. Nyote mlisikia bondeni. Mtu gani analeta uji sura zote hizo, halafu mwisho asiwe na neno? Alimtia kitabuni kwa nini? Huyo bwana alichoka tu, au karatasi ilimwishia, akamshika wa karibu."

Mwalimu Mfaume akasimama kutetea elimu. Akasema kitabu ni cha mwenye kukiandika, naye ndiye ajuaye nani kaua, wasomaji kazi yao kupokea.

"Mwalimu," akasema Haidari, na sauti yake ikapungua hata wa nyuma wakasogea, "yeye kakiandika tu. Aliyekisoma ni mke wangu."

Mwalimu akakaa, naye Haidari akarudi mahali pake nyuma, akaikalia mikono. Na Mwenyekiti, ambaye hakupewa cheo kwa ubaya wa pua, akanusa wokovu. Aliona katibu akiponyoka kitanzini na heshima ya vyeo vyote ikiponyoka naye. Akasema upesi, kabla upepo haujageuka, kwamba hoja ya Ndugu Haidari ni nzito na ya kimaendeleo, na anayeafiki kuwa muuaji ni shangazi anyooshe mkono.

Hapo, enyi wasikilizaji, shikaneni. Mkono wa Haidari, ule uliokaliwa miaka na miaka, uliogoma mbele ya wakuu wa wilaya na mabwana shamba, ukachomoka chini ya paja lake. Ukapita kiuno, ukapita kifua. Haidari alijua vizuri ni nani atakayefaidi kwa mkono ule, alimwona pale mbele akitabasamu, na uchungu wake ukapanda sambamba na kiwiko. Hata hivyo haukurudi chini. Ukapita bega, ukapita kofia, ukasimama juu ya vichwa vyote, mkavu, wenye sugu za jembe, kama mlingoti wa jahazi la sultani. Watu walipouona, wakasahau Jafari, wakasahau katibu, na baraza lote likanyoosha. Bi Sijaona akanyoosha yote miwili, akilia.

"Limepita," akasema Mwenyekiti, akashuka ngazi na kumpa Haidari mkono wa pongezi.

Haidari akautazama mkono ule, akaanza kukifunga kitabu ndani ya kanga.

"Tumekubaliana habari ya shangazi tu," akasema, akaenda zake.

Hivyo ndivyo Ruaruke ilivyomtia hatiani Bi Kidawa wa kitabuni, na mwandishi, popote alipo, hakupewa nafasi ya kukata rufaa. Vinu vikaazimwa tena. Na msimu uliofuata alipopita mfanyabiashara wa Ikwiriri mwenye kitabu kama kile, chenye jalada na picha, akasema mbele za watu kuwa muuaji ni katibu, walimtazama kwa huruma, wakamkaribisha maji, wakamwambia hicho chake kina makosa, cha huku kimesahihishwa.

Akauliza, kimesahihishwa na profesa gani?

Wakamjibu kwa pamoja, kama wanaojibu jina la mshindi wa vita: Mwanawetu binti Fikirini, mke wa Haidari.