Mkwe Langoni

Alhamisi, 6 Juni 2024
Kasulu baridi. Nyumba baridi zaidi. Mke wangu Josepha yuko kwao Kibondo tangu nilipouza mbuzi wake nikanunua njumu za mpira. Mbuzi mmoja tu!

Leo kuna mwanga kidogo. Maveterani wetu watacheza na wa Kibondo keshokutwa, na kipa wao ni Mzee Makarius. Baba mkwe wangu! Yeye akisema Josepha arudi, atarudi. Nina mpango. Nitapiga shuti laini, mzee adake, ashangiliwe, moyo wake ulainike. Mimi, mfalme wa chenga kuanzia hapa hadi Manyovu, nikose goli kwa hiari. Nampenda huyu mwanamke.

Ijumaa, 7 Juni
Kapteni Nduwayezu hataki kunipanga. Anadai tangu ujana hajaonja pasi yangu. Wivu! Nimemwahidi pasi. Nikamwongezea jogoo. Jogoo ndiye aliyemshawishi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwisha.

Nilianza vizuri. Nilimwamkia mzee kwa Kiha chetu, nimeinama, napiga makofi taratibu, namuuliza mahindi, ng'ombe, mgongo. Refa alichoka kusubiri. Josepha, pembeni ya uwanja, akatabasamu. Naapa.

Kipindi cha pili nikabaki na mzee uso kwa uso. Nduwayezu anaomba pasi. Mpango nilikuwa nao kichwani, miguuni haukufika. Nikampiga mzee tobo, mpira katikati ya miguu yake. Lango wazi! Watu wakaniita kwa jina langu la zamani, Kizunguzungu. Nikarudi na mpira, nikampiga chenga ya pili. Mzee akakaa chini. Mkwe, matakoni, mbele ya wajukuu zake. Na mpira ukatoka nje.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Nimelia. Josepha ametuma ujumbe kwa shangazi yake: "Mwambieni, kumpita baba ningemsamehe. Alirudi kumpita tena kwa nini?"

Ugali umeungua. Nimeula.

Jumanne, 11 Juni
Nduwayezu kaja, jogoo kwapani, kanirudishia. Ananihurumia, jambo baya kuliko yote. Anashauri nitume mtu mzima Kibondo aniombee radhi kwa pombe ya ndizi, kama desturi ilivyo, mimi nitulie nyumbani.

Yaani nitoe pasi!

Nitakwenda mwenyewe. Mzee hukaa mlangoni. Nitajifanya naelekea migombani kushoto, nichomoke kulia, nimfikie Josepha jikoni kabla mzee hajageuka. Nimeanza mazoezi uani. Kiti ndiye mzee. Nimekipita vizuri sana.

Nikarudi, nikakipita tena.