Idara ya Rambirambi za Vifaa

Mzee Tai hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mjomba serikalini, wala hakuwa na haraka. Tangu mwezi uliopita hakuwa na simu pia. Alichokuwa nacho ni tai moja ya buluu, iliyompa jina mtaani, na mkataba wa simu wa miaka miwili. Simu ilizima mwaka mmoja na ushei baada ya kununuliwa. Waranti ilikuwa imetangulia kuaga. Mkataba wenyewe ulikuwa mzima wa afya, ukiitafuna pensheni yake kila mwisho wa mwezi, asibakiwe na cha kununulia simu nyingine.

Na huko mbali, kwa bintiye, mjukuu alikuwa ameanza kutamka "babu". Aliitamkia hewa tu, babu mwenyewe asimsikie.

Ndipo kampuni ya simu ilipotangaza, kwa fahari na vipaza sauti, kuzinduliwa kwa Idara ya Rambirambi za Vifaa. Kila mteja ambaye simu yake imefariki nje ya waranti angefarijiwa kitaalamu, bila malipo. Hatua hiyo ilikuwa ya busara kabisa: kutengeneza simu ni gharama, kusema pole ni bure.

Mzee Tai akapiga viatu rangi, akaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa, foleni ya wateja imeketi mabenchini. Mkuu wa Rambirambi, bwana wa suti nyeusi na sauti ya taratibu, aliipokea simu kwa mikono miwili, akailaza juu ya kitambaa cheupe. Fundi wa idara akaifungua, akaichungulia, akamnong'oneza mkuu sikioni.

"Tusimame," mkuu akasema. Foleni nzima ikasimama. "Marehemu alikuwa mtulivu. Hakuwahi kuanguka. Hakuwahi kuingia maji. Mwenyewe alimtunza kama yai. Ameondoka kwa ugonjwa aliokuja nao kutoka kiwandani."

"Kiwandani?" akauliza Mzee Tai.

"Kiwandani, mzee wangu. Usijilaumu hata kidogo."

"Basi itengenezeni, mwanangu."

"Waranti, mzee, ilikuwa ya mwaka mmoja."

"Na mkataba miaka miwili. Mwaka wa pili mlitaka niongee na nini? Kiatu?"

Foleni ikaangua kicheko. "Mjibu mzee wa watu!" akadakia mama mshonaji, aliyebeba simu yake kwenye kapu. "Na mimi hapa nangoja kufiwa rasmi."

"Maswali ya namna hiyo yako nje ya majukumu ya idara," mkuu akasema kwa upole. "Idara hufariji."

"Na umenifariji kweli. Umesema mbele ya kadamnasi kwamba sikuiharibu, na ubovu umetoka kwenu. Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Mkuu akatabasamu kikazi, akatoa simu yake amwite mwanasheria wa kampuni. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaipigapiga kiganjani, akaipuliza. Kioo kikabaki cheusi kama suti yake.

"Ya mkataba hiyo?" akauliza mama mshonaji.

"Ya mkataba," mkuu akajibu. "Waranti iliisha juzi."

Mzee Tai akanyoosha tai yake. "Tusimame," akasema. Wakasimama wote, wakibana vicheko.

Kisha mzee akasogeza chombo cha maua, akaketi kwenye meza ya idara, akaandika barua kwa Baraza la Kutetea Wateja. Aliweka maneno ya mkuu kama yalivyotamkwa, na ombi moja: simu irudi ikiwa hai kabla mjukuu hajachoka kuita. Foleni ikatia sahihi, mmoja baada ya mwingine. Mkuu akaizunguka meza, akakohoa.

"Mzee wangu, hapo chini kuna nafasi?"

"Ipo, mwanangu. Na pole sana."

Mkuu akatia sahihi, na kwa mazoea akagonga muhuri wa idara. Mzee Tai akalamba bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa kidole gumba, akamkabidhi tarishi wa kampuni. Tarishi akaondoka nayo kwa pikipiki ya Idara ya Rambirambi, taa zikiwaka kwa heshima zote.