Jiwe la Inda Lililoingia Kwenye Ramani

Nyumba ya kona,
Mtaa wa Itohiki, Kyoto.
Mwezi wa sita, mvua haijakatika.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Ramani,
Chama cha Matembezi ya Mji Mkongwe,
ambaye kabla ya vyeo hivyo vyote ni mjukuu wangu Kazuomi:

Mheshimiwa, huna haya. Mara ya mwisho kisigino chako kuvuka kizingiti changu, miti ya cheri ilikuwa imechanua, na sisemi mwaka huu, nasema mwaka juzi. Ulikula wali wa machipukizi ya mianzi mpaka nikakwangua sufuria, ukapangusa mdomo, ukasema, "Bibi, nitarudi wiki ijayo." Wiki gani hiyo isiyofika? Unakaa vituo vinne tu vya treni ya chini ya ardhi kutoka hapa. Jana asubuhi mlangoni kwangu alisimama kijana kutoka Brazili. Brazili, Kazuomi! Alibadilisha ndege mara mbili, na kwangu hakupotea hata kidogo, kwa sababu wewe umemchorea njia. Kumbe njia ya kwangu unaijua.

Baada ya salamu hizo, naleta malalamiko yangu kwa heshima zote inazostahili ofisi yako. Nimeyapa namba, maana mama yako ameniambia ofisini kwenu kitu kisicho na namba hakisomwi.

1. Kuhusu jina. Kwenye ramani yenu mpya, pale ilipo nyumba yangu, mmeweka alama nyekundu na kuandika, "Jiwe la Huruma, litimizalo maombi." Mheshimiwa, lile ni jiwe la inda. Marehemu babu yako Yasuzo alilitoa mtoni kwa toroli, akalisimika kwenye kona mwaka ule treni ya mwendo kasi ilipoanza safari. Gari la kusambaza pombe lilikuwa limeuparua ukuta wetu mara mbili, na dereva akathubutu kusema ukuta ndio uliomfuata. Babu yako akamwambia, "Sawa bwana, kuanzia kesho utafuatwa na kitu kingine." Kila nyumba ya kona katika vichochoro vyetu ina jiwe la namna hiyo, na kazi yake ni moja: kumwambia mwenye gari akate kona vizuri au akalilie bampa lake nyumbani. Huruma haimo. Babu yako alikuwa akisikia taa ya gari ikipasuka pale nje, chai inazidi utamu.

Na kile kitambaa chekundu kilichowafurahisha vijana wako? Walidhani jiwe limevishwa kama anavyovishwa Jizo, mlinzi wa watoto, wakapiga picha, wakainama, wakaenda zao kuandika. Hawakugonga mlango kuuliza. Kile ni kipande cha gaguro langu la zamani. Nilikifunga ili yule kijana wa kuleta vifurushi akirudisha gari nyuma alione jiwe. Mheshimiwa, mataifa yote ya dunia yanainamia gaguro la bibi yako.

2. Kuhusu maombi. Jiwe liko chini ya dirisha langu la fito, na fito hazizuii sauti. Wengine wanapiga makofi mawili kama wako kwa miungu, wengine wanafukiza udi kama wako makaburini. Hawajui wamo katika dini gani, na jiwe nalo halijui. Mimi nimekaa ndani namenya figili, nasikiliza siri za watu wazima. Msichana anataka kufaulu mtihani wa uuguzi. Mzee anataka nywele zirudi. Wiki iliyopita bwana mmoja kutoka Osaka aliomba mama mkwe wake ahame, tena akaomba kwa kirefu, anataja na makosa ya mama wa watu. Nilivumilia, nikashindwa. Nikasema kupitia dirishani, "Kwanza wewe osha vyombo!" Aliruka kama paka aliyemwagiwa maji. Kesho yake akarudi na mkewe na mama mkwe mwenyewe kushukuru, anawaambia watu jiwe limesema naye kwa sauti ya kike. Foleni ikawa ndefu maradufu.

Wanaacha na sadaka: mikate ya maharage, machungwa, peremende. Kunguru wa mji mzima wamehamia kwenye nyaya za umeme juu ya paa langu na wanangojea kwa adabu kuliko watalii.

3. Kuhusu majirani. Bwana Hirose muuza achari aliniamkia juzi kwa tabasamu: "Bi Hatsuno, siku hizi kwenu kumechangamka kweli, mpaka naona wivu." Wewe ni mtoto wa mji huu, huhitaji kutafsiriwa. Hayo ni matusi ya nguoni. Mimi watu wa kuzungukazunguka nawaweza, nikamjibu pale pale, "Kama kelele zinakukera sema zinakukera, Hirose, usinipake asali." Hajaniuzia achari tangu siku hiyo. Nakula wali mkavu kwa sababu ya ramani yako.

4. Kuhusu kisanduku kinachosema. Mafundi wako walikuja kupigilia kisanduku chenye kitufe kwenye nguzo. Ukikibonyeza, mwanamke mwenye sauti ya sukari anasema jiwe hili lina miaka mia nane, na kwamba mtawa mmoja alikaa juu yake akiutafakari mwezi. Mimi shule sikukaa sana, nilikalishwa kwenye mtambo wa kufumia mikanda ya kimono kabla sijazoea kushika kalamu, lakini tofauti ya miaka mia nane na miaka sitini naijua. Na aliyekaa juu ya jiwe hilo simjui kuwa mtawa. Aliyekaa ni Shigeru fundi mabomba, kila akitoka kulewa, na alichofanya hapo baada ya kuutafakari mwezi nilikimwagia maji ndoo tatu.

5. Kuhusu kimono za kukodi. Wanakuja wasichana wamevalishwa haraka haraka na wenye maduka, mkanda umelegea, mgongo umevimba kama mfuko wa mchele, na wengine wamefunika upande wa kulia juu ya kushoto. Hivyo tunavisha maiti! Mtoto mzuri, mashavu mekundu, anacheka, anapiga picha, amevaa kama anayesubiri jeneza. Nifanye nini, nitazame? Nikatoka nikamshika, nikamvua mkanda pale pale ukumbini, nikamfunga upya, nikampiga kofi la mgongoni asimame wima. Basi, kosa. Sasa kuna foleni ya pili. Wanaingia mpaka ndani wanageuza mgongo wenyewe. Mama yako amenionyesha kwenye simu walivyoandika: "Bibi mkali, maneno yake yanauma, ana mikono ya ajabu, usikose." Wamenipa nyota tano. Jiwe limepewa nne na nusu.

6. Kuhusu Bi Fusae. Hapa naomba uvue miwani uipanguse, kwa sababu hili ndilo hasa lililonifanya nikuandikie, na hayo mengine ningeweza kuyameza.

Bi Fusae wa nyumba ya mwisho kichochoroni unamjua. Ndiye aliyekubeba mgongoni ulipougua surua na mama yako yuko kazini. Tangu tulipoolewa mtaa huu, mimi na yeye tumekuwa tukienda bafu la mtaa kila jioni, beseni kwapani. Tukiwa na mimba tulikwenda. Siku za msiba wa waume zetu zilipokwisha tulikwenda, tukalia humo humo kwenye maji ya moto ambako hakuna anayejua lipi ni chozi. Yeye ananisugua mgongo, mimi namsugua wake.

Sasa anatembea kwa kile kigari cha kusukuma, na kichochoro chetu unakijua, ukinyoosha mikono umekimaliza. Foleni ya jiwe inaanzia kwenye kona inaishia mlangoni kwake. Siku ya kwanza alijipenyeza akisema "samahanini, samahanini," wakampiga picha. Siku ya pili begi la magurudumu likakivaa kigari chake, akaanguka kwa goti. Mwenye begi aliinama sana kuomba radhi, sikatai, lakini goti haliponi kwa kuinamiwa. Tangu hapo hatoki. Ananiambia kupitia mlangoni, "Hatsuno, nenda tu, mimi nitajipangusa kwa kitambaa." Kitambaa! Mwanamke ambaye alikuwa akiingia maji ya moto yanayowakimbiza wanaume!

Nakwenda peke yangu. Mgongo wangu unarudi vilevile ulivyokwenda. Nikipita kwake napiga kelele, "Fusae, upo?" na siku hizi anachelewa kujibu. Zamani alikuwa akijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Nimewaomba watalii watupishe njia. Wananiinamia na kunipiga picha. Nimewafagilia miguuni. Wamepiga picha ufagio.

7. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote niliobakiwa nao:

Jiwe litolewe kwenye ramani kabla joto la mwezi wa saba halijaingia. Kisanduku king'olewe, na kinachosema humo kikamwombe radhi Shigeru.

Ikishindikana, basi niandikwe mimi. Mimi ni mkongwe kuliko jiwe na nina haki ya kwanza. Andika hivi: "Bibi Hatsuno, wa tangu kabla ya vita. Hajafanyiwa ukarabati. Sehemu zote ni za asili isipokuwa meno. Hufunguliwa alfajiri; kwa wajukuu hafungwi." Nimekuwa nikiwaza, Mheshimiwa. Pengine wewe ni mtu usiyeweza kutembelea kitu mpaka kiwe na alama nyekundu. Basi nichoree alama yangu, uifuate.

Na hilo nalo likishindikana, nitamwomba yule kijana wa vifurushi aje na gari na kamba. Tutaling'oa jiwe, tutalipakia, tutalisimika kwenye kona ya maegesho ya ofisi yenu, pale anapoegesha mkurugenzi wako. Sitafunga kitambaa chochote. Hapo ndipo wataalamu wa ramani mtajua kama ni la huruma au ni la nini.

Nisalimie mkeo Chizuru, mwambie ule mchuzi wa samaki alionifundisha bado unaniungulia, ila sijakata tamaa. Wasalimie watoto, wabusu vichwani, wakikataa wabusu kwa nguvu. Msalimie mkurugenzi wako, mtoto wa watu hana kosa. Wasalimie wale vijana walioandika Jiwe la Huruma, waambie mama zao hawajambo na wanawangoja. Bwana Hirose sijamwambia nakuandikia, lakini msalimie ukimwona, mimi na yeye hatusemeshani.

Ni mimi, ninayekukasirikia kwa mapenzi,
Hatsuno Ohigashi,
mwenye nyumba, mwenye ukuta na mwenye gaguro.

Baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga nikaichana, kwa sababu jana jioni yametokea mambo. Katika foleni alikuwamo bibi mmoja kutoka Peru, mtu wa umri wetu, mfupi, mnene, ana fimbo na kofia. Foleni ilimfikisha mlangoni kwa Bi Fusae, akamwona anachungulia kwenye ufa. Akadhani anaogopa kuruka foleni. Basi akausukuma mlango, akamshika mkono, akageukia watu na kupiga kelele kwa lugha ya kwao Peru huku fimbo iko juu. Kazuomi, wale niliowafagilia siku zote bila mafanikio walijibana ukutani kama karatasi! Akamvusha Fusae mpaka kwenye jiwe kama bibi harusi.

Msichana mmoja akamuuliza Fusae jiwe linaombwaje. Fusae, aliyevunjia baiskeli mbili kwenye jiwe hilo, akakaza uso, akasema linazungukwa mara tatu huku umeshika masikio. Wakazunguka wote, wakubwa kwa wadogo, na yule bwana wa Osaka alikuwamo, amerudi tena. Fusae alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka yakaangukia kwenye machungwa ya sadaka. Halafu tukaenda bafuni, foleni nzima imetubebea mabeseni, na bibi wa Peru akaingia nasi majini. Lugha hatuelewani hata neno. Yeye na Fusae waligombana juu ya bomba la maji baridi, kisha wakasuguana migongo. Mgongo wangu niliusugua mwenyewe, na sikuudhika.

Leo Fusae ameamka mapema, amevaa kimono yake ya hariri ya kijivu, amekaa kwenye kiti karibu na jiwe, anatunga masharti mapya. Asubuhi walikuja watu wawili wa ofisi yako kung'oa kisanduku, sijui nani aliwatuma, labda mama yako alikusimulia kabla ya barua. Nimewafukuza kwa ufagio.

Kwa hiyo futa kuanzia namba moja hadi namba saba. Jiwe liache. Herufi ziongezwe ukubwa, wazee wa nje hawaoni vizuri, na mlete benchi. Miaka iwe elfu moja, mia nane ni kidogo.

Na wewe ukija, usipite mlango wa nyuma. Panga foleni kama wenzako. Ukifika mbele, shika masikio, zunguka mara tatu mbele ya Bi Fusae, halafu liache jiwe ugonge mlango. Uje na njaa.