Jina la Tatu Kutoka Juu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimetimiza miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke kwetu. Hesabu naiweka kwa penseli nyuma ya daftari hili, nililolishona mwenyewe kwa mabaki ya karatasi za karakana. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya chuo. Lakini kila jioni, kwa saa mbili, ninakuwa mtu mkubwa zaidi: mtoa do.

Nieleze, nisije nikasahau. Kikundi cha wanafunzi cha kuimba bila ala kina kanuni ya tangu kuanzishwa kwake. Chombo chochote kisisikike, hata cha kutafutia sauti ya kuanzia. Kinanda marufuku. Filimbi marufuku. Simu marufuku. Do, noti ya kuanzia, itoke kinywani mwa mtu. Mtu huyo ni mimi. Nafumba macho, naikumbuka kengele ya chuo nilichosoma kwetu, iliyokuwa ikilia do safi kila saa, kisha naitoa. Wanafunzi kumi na wawili wanaanzia hapo. Sikio langu halijawahi kukosea. Nimeliandika hilo humu mara nyingi.

Mafanikio yetu katika mashindano ya vyuo kwa miaka minne niliyotoa do: nafasi ya nne, nafasi ya nne, nafasi ya tano (vikundi vilikuwa vitano), nafasi ya nne. Pamoja na cheti cha unadhifu wa mavazi. Katika kabati la vioo, cheti kimewekwa mbele.

Leo kiongozi wa kikundi kaingia karakana mbio. Ni binti anayesomea udaktari, huongoza wimbo kama anayepima mapigo ya moyo. Tangazo limetoka! Mshindi wa mashindano ya Jumamosi hii atakwenda fainali kuu ya nchi zote. Nikasema vizuri sana. Akasema fainali itafanyika kwenye chuo changu cha zamani, kule kwetu. Ukumbi uleule!

"Babu, tutauona ubao!"

Nilishika brashi ya gundi upande wa gundi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ubao. Siku ya kwanza wanafunzi waliniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema niliimba katika kikundi cha chuo changu, mwaka tuliotwaa kombe. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikaongeza kwamba majina ya washindi yako ukumbini, kwenye ubao, kwa rangi ya dhahabu, na langu ni la tatu kutoka juu.

Ukweli, kwa kuwa humu hasomi mtu: niliimba wiki kumi na moja. Siku mbili kabla ya mashindano, mwalimu aliniomba, kwa adabu sana, nisimame mlangoni niwashikie wenzangu makoti. Niliyashika. Halikupotea hata moja. Jina la tatu kutoka juu ni la dada yangu.

Dada yangu mkubwa ndiye ninayeishi naye. Tulitoka kwetu pamoja, na sanduku moja. Mbele za watu hajawahi kuniumbua. Nyumbani ni habari nyingine. Nilipomweleza tangazo alikuwa anapiga pasi. Akauliza kama nimewasimulia na ya makoti. Nikasema si jambo la kuchekesha. Akasema basi atacheka mwenyewe, amezoea.

Kwa hiyo hatuna budi kushindwa Jumamosi. Kushindwa tunakujua, tuna uzoefu.

Mpango wa kwanza nimeutekeleza jioni hii. Muda wa jukwaani ni dakika sita. Nikapendekeza tuache wimbo wetu wa kila mwaka, tuimbe mmoja wa zamani wenye beti tisa. Utatumaliza! Kiongozi akausoma kimya, akapiga mstari kwenye beti saba, akabakiza mbili. Akasema ndio wimbo waliokuwa wakiutafuta miaka yote, na Babu asingekuwepo wangefanya nini.

Sijui wangefanya nini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa pili. Wa kitaalamu.

Fomu ya kujiandikisha ilitakiwa kumfikia Mwalimu wa Muziki kabla ya kesho adhuhuri. Kiongozi aliniachia niitilie jalada gumu, isikunjike. Nikaibandika ndani ya kamusi kuukuu, kati ya jalada la nyuma na karatasi yake, kisha nikaifunika vizuri. Kazi safi. Kamusi hiyo haijaazimwa kwa miaka kumi na tisa, nilitazama kadi yake.

Saa tisa mchana akaingia Mwalimu wa Muziki mwenyewe. Mrefu, mkavu, mfukoni ana kile chuma chake cha ncha mbili cha kupimia sauti, ambacho hukigonga gotini na kukisikiliza kama anayepokea siri. Kwa miaka miwili amekuwa akimnong'oneza kiongozi kwamba do yangu imekaa chini. Wivu. Alitaka kutafuta maana ya neno moja tu. Moja! Akaenda moja kwa moja kwenye kamusi ileile. Gundi ilikuwa bado mbichi. Karatasi ikabanduka, fomu ikamwangukia kwenye viatu.

Akanitazama. Nikasema huwa tunazihifadhi humo zisipate unyevu.

Akaitia sahihi papo hapo, kwa kutumia mgongo wangu kama meza. Tumekuwa kikundi cha kwanza kuandikishwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mazoezi ya mwisho. Besi wetu mkuu, kijana mnene wanayemwita Ngurumo, kalalamika tena. Anasema sauti za chini kabisa anazitafuta kama mtu anayetafuta kandambili uvunguni. Wenzake wakamwambia atumie tochi. Mimi nikamwambia afanye mazoezi. Ila malalamiko yake yamenipa mpango wa tatu, na safari hii hauna gundi.

Kesho nitapandisha do. Kwa nusu hatua tu, hata mtu asishtuke. Wimbo mzima utapanda nayo, na wasichana wa sauti ya kwanza watakapofika kileleni watakuta hakuna pa kushika. Nafasi ya nne tena. Tutarudi nyumbani salama.

Baada ya mazoezi kiongozi aliniita pembeni. Kaniletea skafu ya rangi ya kikundi. Kaidarizi mwenyewe: MTOA DO. Akasema tukishinda atataka mimi ndiye nitangulie kuingia ukumbini kule, wao wanifuate. Amekwisha kuwaandikia wenyeji kwamba mshindi wa zamani huenda akaja. Akaongeza, akitazama viatu vyake, kwamba baba yake naye aliishi ugenini, akafia huko, na alikuwa akiulizia kwao mpaka siku ya mwisho. Anataka walau mzee mmoja afike.

Nilifungua kinywa nimwambie yote. Nilikifungua kabisa. Nikasema skafu ina joto.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mashindano. Tulikuwa wa tatu kupanda jukwaani. Mwalimu wa Muziki alikaa mstari wa mbele, chuma kiko gotini.

Nikafumba macho. Nikaisikia kengele. Nikaiacha, nikapanda nusu hatua juu yake, nikatoa: do. Nilijisikia kama mtu aliyeng'oa ukurasa. Kisha nikangoja wapasuke.

Hawakupasuka! Ngurumo alishuka chini na kukuta pana sakafu. Alisimama juu yake kama mwenye nyumba. Wasichana walipanda mpaka kileleni na wakapata nafasi ya kutabasamu huko. Wimbo ule ulikaa kama kitabu kilichoshonwa sawa, ukikifungua kinalala wazi chenyewe. Katika ubeti wa pili nilikuwa nalia. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye adui.

Nafasi ya kwanza. Kombe! Walinibeba. Nikagonga kichwa kwenye taa.

Waliponishusha, Mwalimu wa Muziki alikuja. Akakigonga chuma gotini, akaniwekea sikioni.

"Hatimaye, Mzee," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza umeitoa penyewe."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, bila kunicheka, jambo ambalo sitamsamehe. Watu wenye kumbukumbu ya sauti kama yangu, wakizeeka, sikio huanza kuwadanganya. Kila sauti wanaisikia juu kidogo kuliko ilivyo. Basi wakitoa ile wanayodhani ndiyo, hutoka iko chini. Mabadiliko huja kidogo kidogo, mwenyewe hujui. Ya kwangu yamefika nusu hatua.

Miaka minne! Nafasi za nne zote zilikuwa zangu. Na ile ya tano. Ngurumo alikuwa na haki ya kandambili zake. Mara moja tu nimewapa do sahihi, nayo ni siku niliyokusudia kuwaharibia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikutoka. Dada alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikamwomba aniimbie kengele ya chuo. Hakuuliza ya nini. Akaitoa, kisu hakikusimama.

Nikamwambia iko juu. Akaitoa tena, palepale. Nikamwambia bado iko juu.

"Ni hiyohiyo, mdogo wangu," akasema. "Haijaenda popote."

Nimekaa nayo mchana kutwa. Nikisimama leo katika ua ule, chini ya dirisha la chumba nilichosomea, saa ikifika kengele italia, na kwangu mimi itakuwa kengele ya chuo kingine. Ile ninayoijua haipo kule tena. Imo kichwani mwangu tu, na humo nako imeteremka bila kuniaga. Kwa miaka thelathini na moja nilihofia kwamba nikirudi nitakuta vitu vimebadilika. Sikuwahi kuhofia kwamba nitavikuta vilevile.

Dada alinipa kiazi nimenye. Nilikimenya vibaya.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mpango wa nne. Wanafunzi walikuja karakana wote, na kombe, kupanga safari. Nikawaambia kwa huzuni kubwa kwamba daktari wa masikio amenikataza ndege. Kiongozi akauliza daktari gani, maana anawafahamu wote. Nikasema amestaafu. Akasema pole sana Babu, basi watanipigia picha ya ubao, jina la tatu kutoka juu, waikuze, waitundike papa hapa juu ya meza yangu.

Nikasema ubao ule uliliwa na mchwa.

Akasema wenyeji wamejibu barua: ubao ni mzima, juzi wameupaka vanishi.

Hapo Dada alikuwa ameingia na chakula changu cha mchana. Akaweka bakuli juu ya meza, akasema jina la tatu ni lake, na kwa kuwa mdogo wake ni mgonjwa wa ndege, ataenda yeye kuwaonyesha. Ngurumo akamwomba, kwa heshima, atoe do. Akaitoa huku akifuta kijiko. Mwalimu wa Muziki alikuwa mlangoni, siku hizi yuko kila mahali. Akagonga chuma. Hapakuwa na tofauti hata ya unywele.

Wote wakanigeukia. Ngurumo akauliza, "Na wewe Babu, ulikuwa wapi?"

Dada alinitazama. Alikuwa ananiachia mlango wazi, nipite na ukweli wangu. Nikasema nilikuwa msimamizi wa mavazi.

Kisha kiongozi akapiga makofi mara moja. Kumbe! Ndiyo maana tulipata kile cheti cha unadhifu!

Nikainamisha kichwa, kama mtu asiyependa kusifiwa.

Baadaye binti yule alibaki nyuma. Akasema skafu ni yangu, haichukui mtu. Akaniomba nitoe do airekodi kwenye simu yake, wawe wanaisikiliza chumbani kabla ya kwenda ukumbini, ili walau sauti yangu ifike. Nikafumba macho, nikawapa ya kengele. Ya kweli. Nimefikiri sana juu ya kile chuma: kimegongwa gotini miaka mingi, lazima kimepinda. Dada aliposikia akasema simu hiyo ataitunza yeye mwenyewe njiani. Namjua akisema kutunza: kitu hakisikiki tena.

Wanaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Nimeanza kumwandikia Dada maelekezo ya kushika makoti, kwa atakayebaki mlangoni. Nimefika ukurasa wa sita. Ameuliza nataka aniletee nini. Nikasema hakuna. Akauliza, watu wakimuuliza nitarudi lini, awajibu nini.

Nikamwambia awajibu ukweli. Sitarudi.