Malalamiko Dhidi ya Mwalimu wa Baiolojia, Ambaye Ni Mimi

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi inaniacha na dalili zote za kuondoka: moyo unapiga kwa uvivu, miguu imegoma, na wageni wameanza kunong'ona habari zangu nikiwa papo hapo kitandani. Kwa hiyo naomba shauri hili lisikilizwe mapema, maana mshtakiwa huenda asifike.

Namshtaki mwalimu aliyefundisha baiolojia shuleni kwako kwa miaka thelathini na minne. Ndiye mimi.

1. Katika mtihani wa muhula niliuliza: "Eleza jinsi akili ilivyomsaidia binadamu kudumu duniani." Alama ishirini. Binti mmoja wa dawati la nyuma, tuliyemwita Mapengo kwa sababu meno mawili ya mbele yalikuwa yamemhama, aliandika mistari miwili tu: "Bado ni mapema kusema. Mamba ana akili kidogo na ametutangulia kwa mamilioni ya miaka." Nilimpa sifuri, na kwa wino mwekundu nikaandika: "Acha mzaha." Akarudia darasa. Ninaloungama leo ni kwamba nililisoma jibu lile mara tatu nikitafuta kosa, nisilione. Nilimnyima kwa sababu lilikuwa zuri kuliko somo langu.

2. Tangu hapo ushahidi umekuwa ukimiminika upande wake. Mwalimu wetu wa hisabati, kichwa kuliko sisi sote, alisimama katikati ya barabara akikokotoa mwendo wa lori lililokuwa likija. Jibu alilipata. Tulimzika Jumamosi.

3. Mageuzi hayaulizi nani ana shahada, yanauliza nani ameacha watoto. Walimu tisa wenye shahada tulipanga uzazi kwa chati, tukapata watoto saba kwa jumla. Mlinzi wa geti hakupanga chochote. Ana kumi na mmoja, na wote wana afya ya kukera.

4. Mimi mwenyewe nilivunjika nyonga kwenye ngazi nikisoma, huku natembea, makala kuhusu jinsi wazee wanavyoweza kuepuka kuanguka. Jirani yangu Kobe, ambaye hajawahi kumaliza kusoma hata karatasi ya ubavuni mwa chupa, ana miaka tisini na miwili na huja kunijulia hali kwa baiskeli. "Mwalimu, wewe unafikiri mno," huniambia, "ndiyo maana umechakaa."

5. Mapengo aliolewa na mwanangu. Wajukuu wangu wanne wote wametoka kwake, kwa hiyo hata ukoo wangu unadumu kwa hisani ya mtu niliyemfelisha. Ndiye anayeninywesha uji. Kwa miaka ishirini hajaitaja sifuri ile hata mara moja, nami sijathubutu.

Kwa hayo naomba akili iondolewe kwenye mtaala hadi itakapothibitishwa kuwa haina madhara. Mlinzi wa geti aandikwe ubaoni kama mhitimu bora. Mimi ninyang'anywe cheti cha utumishi mwema. Na Mapengo apewe ishirini zake, kwa maandishi yenye muhuri, nikiwa bado naweza kumkabidhi kwa mkono wangu. Hilo la mwisho ndilo ninalolisubiri. Mengine unaweza kuyapeleka kwenye kikao.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi pamoja na wanawe, kwa zamu.

Wako mwenye kosa na mwenye haraka,
Mwalimu wa zamani wa baiolojia

Baada ya kutia sahihi: Mke wa mwanangu ameingia sasa hivi, ameyainua maboksi yangu mawili ya dawa kwenye mwanga wa dirisha na kusoma yale maandishi madogo. "Baba, hii ni dawa moja yenye majina mawili. Umekuwa ukimeza zote?" Nilikuwa nikimeza zote, kwa nidhamu, wiki tatu nzima. Daktari amethibitisha kwa simu kuwa moyo wangu haukuwa na nia ya kufa. Ulikuwa umezidishiwa dozi, na siku chache zaidi zingetosha kuumaliza. Sasa sifi, na aliyeniokoa ametumia akili. Basi nikamwambia yote, pamoja na ile sifuri. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamweleza kwamba, kwa kutenda haki, yeye mwenyewe ameonyesha kuwa jibu lake lilikuwa na kasoro, hivyo nampa kumi na tisa. Amezikataa. Anakuja kwako Jumatatu kukata rufaa.